Ladha ya Msomaji na Haki ya Matini: Funzo Kutoka kwa Wapenzi wa Enid Blyton

Mwalimu mwenzangu, ni lini mara ya mwisho ulipowauliza wanafunzi wako iwapo kitabu teule wanachokisoma kinawapendeza? Sizungumzii swali la ufaafu wa anwani, wala lile la sifa na umuhimu wa mhusika. Nazungumzia swali la kawaida, lile ambalo mtu humwuliza rafiki yake aliyetoka kutazama filamu. Mimi nilifundisha miaka kadhaa kabla ya kuliuliza, na siku nilipoliuliza sikuwa nimelipanga. Kipindi kilikuwa kimebakiza dakika kumi, nami nilikuwa nimemaliza nilichoandaa.

Tulikuwa tukisoma Siku Njema ya Ken Walibora. Msichana mmoja aliyependa kuketi nyuma karibu na dirisha alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, mimi simpendi Kongowea. Kila akianguka anaangukia godoro." Darasa liliangua kicheko. Mwenzake wa mbele akamjibu papo hapo kwamba mwongozo unasema Kongowea ni kielelezo cha bidii na uvumilivu. Wote wakanigeukia mimi, hakimu. Nasikitika kukiri kwamba nilihukumu upande wa mwongozo. Nilimwambia yule msichana kwamba mtihani hauulizi mtu anapenda nini, naye akafunga kitabu chake taratibu. Kengele ikalia.

Makala haya ni jaribio la kuirudia hukumu ile. Swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili: wasomaji wanapotofautiana kuhusu kitabu kimoja, huyu akikipenda na yule akikichukia, je, tofauti hiyo ni kelele ya kunyamazishwa ili uhakiki uanze, au ndipo hasa uhakiki unapoanzia? Mfano nitakaoutumia unatoka mbali kidogo, Uingereza, lakini si mgeni kwa wengi wetu.

Mwandishi wa Kiingereza Enid Blyton alizaliwa London mwaka 1897 na kufariki mwaka 1968. Aliandika mamia ya vitabu vya watoto. Vile vya Famous Five, yaani watoto wanne na mbwa wao, vilitoka kati ya 1942 na 1963, jumla yake 21. Secret Seven ni 15. Kuna hadithi za shule ya bweni za Malory Towers, kuna hadithi za mti wa ajabu wenye nchi mpya kileleni, na kuna Noddy kwa watoto wadogo zaidi. Vitabu hivi vilisafiri. Ukiwa ulisoma katika shule ya msingi iliyokuwa na kabati la vitabu, yamkini ulikutana na nakala iliyochakaa ambayo jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi. Ile niliyoisoma mimi ilikuwa imeng'olewa kurasa za mwisho. Ndugu yangu nami tulibishana likizo nzima kuhusu jinsi hadithi ilivyokwisha, kila mmoja akitetea mwisho wake kwa yale yaliyotangulia. Sikujua wakati huo kwamba tulikuwa tukihakiki.

Mwaka 1995 chama cha wapenzi wa mwandishi huyu, Enid Blyton Society, kiliundwa huko Uingereza, kikawa na jarida lake la matoleo matatu kwa mwaka. Ni vyema tufahamu jarida la aina hii ni nini. Si jarida la chuo kikuu. Huandikwa na wasomaji kwa ajili ya wasomaji, watu wazima ambao wengi wao walikipenda kitabu walipokuwa na umri wa miaka minane au tisa na hawakuwahi kuacha kukipenda. Hakuna anayewatahini wala kuwapa alama. Mtu asiyewajua angedhani kwamba watu waliokusanywa na mapenzi ya mwandishi mmoja wataimba wimbo mmoja. Sivyo hata kidogo. Waulize wapenzi wa Blyton ni kipi kilicho bora miongoni mwa vitabu vyake, nao watatengana mara moja.

Wapo wasemao Famous Five ndiyo kilele, kwa sababu ya kisiwa, mapango na uhuru wa watoto kulala nje bila mzazi. Wapo wanaozipendelea hadithi za watoto wapelelezi wa kijiji cha Peterswood, ambamo mvulana anayeitwa Fatty hujigeuza sura na kumchezea shere polisi Goon, wakidai kwamba huko msuko umefumwa kwa uangalifu zaidi na ucheshi ni mwingi. Wapo ambao hawajali upelelezi kabisa, wakamwona Blyton wa kweli katika mti wa ajabu. Kuna wakusanyaji ambao kitabu kwao hakikamiliki bila michoro ya awali, kama ile ya Eileen Soper katika Famous Five. Na hata ndani ya mfululizo mmoja kuna mgawanyiko: wengi huona kwamba vile vya mwanzo vina uhai ambao vile vya mwisho vimeupungukiwa, ilhali wengine huvitetea vya mwisho kwa sababu ndivyo walivyoanza navyo utotoni.

Hapa ndipo mhakiki mvivu hujificha nyuma ya methali. Husema kila ndege huruka kwa ubawa wake, akafunga mjadala. Ukimwambia wewe unapenda kisiwa na mimi napenda Fatty, basi tumekwisha, tuagane. Mimi nadhani huko ni kuwadharau wasomaji hao, na ni kuidharau matini pia.

Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliandika insha mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, na humo alikisimulia upya kisa alichokitoa katika Don Quixote ya Cervantes. Watu wawili wa ukoo mmoja waliosifika kwa ulimi wa kuonja waliitwa wauonje mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akaonja, akafikiri, akasema ni mzuri, ila una ladha ya ngozi kwa mbali. Wa pili akasema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Lakini pipa lilipomwagwa, chini yake palionekana ufunguo uliofungwa kwenye ukanda wa ngozi.

Ninakipenda kisa hiki kwa sababu hakimpi ushindi mmoja na kumnyima mwingine. Waonjaji walitofautiana, na wote wawili walikuwa wakweli, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amegusa kitu ambacho kwa hakika kilikuwa ndani ya pipa. Waliokosea ni waliocheka. Ndugu mtahiniwa, mkumbuke muonjaji huyu unapoambiwa ulinganishe maoni mawili kuhusu mhusika. Swali la kwanza si nani kati yao amesema kweli. Swali ni hili: katika matini kuna nini kilichomfanya huyu asikie ngozi na yule asikie chuma?

Tuchukue mhusika anayewagawa wasomaji wa Blyton kuliko wote. Katika Five on a Treasure Island cha mwaka 1942 tunakutana na msichana Georgina, ambaye hakubali kuitwa kwa jina hilo. Anataka aitwe George. Amekata nywele fupi, anavaa kama mvulana, anapiga makasia, na anakidai kisiwa cha Kirrin kuwa chake. Mbwa wake, Timothy, amekatazwa nyumbani, hivyo anamweka kwa siri kwa mvulana wa wavuvi. Pembeni yake yupo binamu yake Anne, mdogo wa wote, mpole, ambaye katika vitabu vingi ndiye anayepanga vyombo na kuandaa chakula ilhali wenzake wanapanga mipango.

Kundi moja la wasomaji, na wengi wao ni wanawake waliokisoma kitabu hiki wakiwa wasichana, humpenda George kwa dhati. Kwao, George alikuwa msichana wa kwanza katika vitabu vyao aliyekataa mahali alipopangiwa. Kundi lingine humtilia shaka George huyo huyo. Wanasema: tazama vizuri. George hasemi kwamba msichana anaweza. Anasema yeye ni sawa na mvulana, na sifa anayoitamani kuliko zote ni kudhaniwa kuwa mvulana. Basi uvulana ndio uliobaki kuwa kipimo, na Anne aliyekubali kuwa msichana amepewa sufuria. Katika vitabu vya baadaye Julian, mkubwa wao, humkumbusha George kwamba pamoja na yote yeye ni msichana na hapaswi kuingia hatarini.

Je, kundi lipi lina haki? Fungua pipa. George kweli anakataa, na kukataa kwake kunaisukuma hadithi, maana bila kisiwa chake hakuna hazina. Hiyo ndiyo ngozi. Na kweli maneno ya matini yanaupandisha uvulana juu. Hicho ndicho chuma. Mwanafunzi atakayeandika kwamba George ni mkombozi wa wasichana, bila kumtaja Anne na sufuria, ameonja nusu. Atakayeandika kwamba George ni mateka wa ubabedume tu ameonja nusu nyingine. Isitoshe, yupo msomaji wa tatu, anayempenda Anne, na huyo hukumbusha kwamba katika Five Have a Mystery to Solve cha mwaka 1962 Anne yule mpole anamwagia ndoo ya maji mvulana mkorofi aitwaye Wilfrid, wote wakabaki vinywa wazi. Msomaji huyo hakuvumbua nadharia yoyote. Alimpenda mhusika ambaye wengine walimpita, na kwa kumpenda akamwona akitenda jambo ambalo wengine hawakulikumbuka. Mara nyingi mapendeleo hutufaa hivyo: yanatufanya tuwe macho mahali ambapo mwingine amesinzia.

Hata hivyo, mapenzi pia hudanganya, na hapa pana onyo kwa watahiniwa. Ukimwuliza mtu yeyote aliyewahi kuvisoma vitabu hivi atakuambia kuhusu vyakula vyake: mayai, nyama baridi, keki, na soda ya tangawizi. Kuna usemi mmoja maarufu kuhusu wingi wa soda hiyo ambao watu huutaja kama alama ya Blyton, na wengine wako tayari kuapa kwamba waliusoma utotoni. Usemi huo haumo katika vitabu vyake. Chanzo chake ni filamu ya kichekesho iliyomwigiza Blyton kwa dhihaka, iliyoonyeshwa katika runinga ya Uingereza mwaka 1982. Wapenzi wa Blyton wamekuwa wakilisahihisha kosa hili mara kwa mara, na hawalisahihishi kwa sababu wana chuki na filamu. Wanataka mwandishi wao asifiwe au alaumiwe kwa yale aliyoyaandika.

Ni watahiniwa wangapi kila mwaka wanaodondoa maneno ambayo hayamo katika kitabu teule? Wameyapata katika mwongozo, au katika maigizo ya kikundi kilichozuru shule, au katika daftari la kaka. Wanayaandika kati ya alama za mtajo kwa ujasiri mkubwa. Naomba tuwe wakali kuhusu jambo hili. Ladha ni yako na hakuna atakayekunyang'anya, lakini maneno ya kitabu si yako.

Sasa nirudi kwa Kongowea, kwa sababu tatizo la yule msichana wa dirishani ni tatizo linalowagawa pia wasomaji wa Blyton, nalo ni sadfa. Katika hadithi za Famous Five, watoto wakienda likizo popote watakuta njia ya chini kwa chini. Wahalifu huzungumza mipango yao kwa sauti wakati watoto wamejificha hatua chache tu. Vitabu vimechukua zaidi ya miaka ishirini kutoka, na watoto hao wamekuwa na likizo nyingi kuliko umri wao unavyoweza kubeba. Msomaji mmoja hufunga kitabu kwa hasira. Mwingine hutabasamu, akaagiza kingine.

Mhakiki wa Kijerumani Hans Robert Jauss, aliyeichangia sana nadharia ya upokezi kuanzia mwaka 1967, alitupa istilahi inayotufaa hapa: upeo wa matarajio. Msomaji haji kwa kitabu akiwa mtupu. Anakuja na vitabu alivyokwisha kuvisoma, na kwavyo anatarajia kitu. Mtoto wa miaka tisa hamtarajii mwandishi amweleze kwa nini njia ya chini ya ardhi ipo pale. Anachotarajia ni kwamba itakuwapo. Angechukizwa kama ingekosekana. Mtu mzima aliyezoea riwaya za uhalisia anatarajia sababu. Anaposema sadfa ni udhaifu, anakipima kitabu kwa ahadi ambayo kitabu hakikutoa.

Tuitazame Siku Njema kwa jicho hilo. Anwani yenyewe inatokana na methali tunayoijua sote, na methali hiyo imekwisha kutudokezea kwamba asubuhi ina habari za jioni. Kuna yatima, kuna mateso, kuna safari ndefu kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba, kuna ufanisi. Msomaji aliyelelewa kwa ngano za bibi anaupokea msuko huu kama mtu anayerudi nyumbani. Katika ngano, mtoto aliyeonewa hupata, na hatuulizi hesabu ya uwezekano. Isitoshe, hadithi inasimuliwa katika nafsi ya kwanza. Anayetusimulia ni Kongowea aliyekwisha kufika, na mtu aliyefika akitazama nyuma huona mstari mnyoofu hata palipokuwa na vichochoro. Huo ndio utetezi wa wanaompenda, nao ni utetezi mzito.

Lakini je, yule msichana alikosea? Alikuwa na upeo wake. Yeye hakuwa amesikia ngano nyingi. Alikuwa amesoma magazeti na kutazama maisha ya mtaani kwao, ambako waliofanya bidii kama Kongowea hawakuangukia godoro. Sentensi yake moja ya utani ilikuwa imegusa uhusiano kati ya ploti na uhalisi wa maisha, jambo ambalo wahakiki waliandikia makala nzima. Aliyemnyamazisha ni mimi. Ningemwuliza tu: godoro lipo ukurasa gani? Naamini angetafuta. Na katika kutafuta angekutana na kifo cha Zainabu Makame, mamake Kongowea, na mateso yaliyofuata, mambo ambayo kwa vyovyote si godoro. Pengine ladha yake ingebadilika, pengine ingebaki vile vile lakini ikiwa na mizizi.

Aidha, tusidhani kwamba upeo wa matarajio ni suala la umri peke yake. Wengi wetu tuliomsoma Blyton tulimsoma sambamba na hadithi za Moses za Barbara Kimenye, aliyefariki mwaka 2012. Moses ni mwanafunzi mtundu wa shule ya bweni ya Mukibi, shule ambayo lango lake, walimu wake na chakula chake tulivitambua. Nilikuwa na rafiki aliyeapa kwamba Moses anamshinda George kwa mbali, kwa kuwa hakuhitaji kuelezwa njaa ya bweni ni nini. Mimi nilimpenda Blyton kwa sababu iliyo kinyume kabisa: nilitaka mahali nisipopajua. Mmoja alitaka kioo, mwingine alitaka dirisha. Sioni ni kwa kigezo gani ungemwambia mmoja wetu kwamba hajui kusoma.

Mpaka hapa nimewatetea wapenzi wa kila namna, na msomaji makini atakuwa na swali. Je, kila ladha ni halali basi? Sidhani, na ni Blyton mwenyewe anayetulazimisha kulijibu swali hili.

Miongoni mwa hadithi zake fupi kuna moja iitwayo The Little Black Doll. Mwanasesere mweusi aitwaye Sambo anachukiwa na mwenye kummiliki na hata na vikaragosi wenzake kwa sababu ya uso wake mweusi. Anatoroka, mvua inamnyeshea, weusi unaoshwa, uso unakuwa wa waridi, na sasa anapendwa. Hadithi hii ililaumiwa waziwazi katika gazeti la The Guardian mwaka 1966, mwandishi angali hai. Vinyago vyeusi vilivyokuwa wakora katika vitabu vya Noddy viliondolewa katika matoleo ya baadaye. Mwaka 2021 mjadala huo uliwaka tena Uingereza, pale shirika la English Heritage lilipotambuliwa kuwa limeutaja ubaguzi katika maelezo yake kuhusu mwandishi huyu.

Wapenzi wake wamegawanyika. Wapo wasemao mtu ahukumiwe kwa wakati wake, kwamba mtoto wa wakati ule hakuona ubaya wowote, na kwamba kumbukumbu zao za utotoni ni safi. Wapo wasemao maumivu hayahitaji tarehe. Nakuomba, mwalimu, usiipitie tofauti hii haraka kama tulivyopitia ile ya Fatty na kisiwa. Haya si mapendeleo ya aina moja. Anayesema kwamba mtoto hakuona ubaya ana mtoto fulani akilini. Hamfikirii mtoto mweusi aliyeshika kitabu hicho hicho akafika mahali ambapo mvua inanyesha. Msomaji huyo naye yumo katika hesabu ya wasomaji. Ladha inayodumu kwa kumsahau msomaji mwingine imeonja pipa kwa mdomo uliofumbwa nusu, na mhakiki ana wajibu wa kulisema hilo bila kuomba radhi.

Kuhusu dawa yake, mimi na baadhi ya wenzangu hatukubaliani. Wao wangependa vitabu vya zamani visafishwe. Wachapishaji wa Famous Five walijaribu kuisasisha lugha ya vitabu hivyo mwaka 2010, na mwaka 2016 wakakiri kwamba jaribio halikufaulu, wakairudia lugha ya awali. Kuondoa tusi katika kitabu cha mtoto wa miaka sita naliunga mkono. Kubadilisha kila neno lililochakaa ili kijana asikwame, hapana. Sisi wenyewe tunawasomesha wanafunzi mashairi ya karne zilizopita yenye msamiati wa Kiamu na Kimvita, tukawaeleza, wakaelewa. Kukwama ni sehemu ya kusoma.

Tuje kwenye karatasi ya mtihani, kwa maana najua kuna mtahiniwa ambaye amekuwa akisubiri aya hii tangu mwanzo. Je, haya yote yana alama? Mwaka 1929 mhakiki I. A. Richards wa Cambridge alichapisha matokeo ya zoezi alilowapa wanafunzi wake. Aliwapa mashairi yasiyo na majina ya watunzi wala tarehe, wakaandika walivyoyaona. Vijana hao waliochaguliwa kwa werevu walitofautiana vibaya sana, wakayaponda mashairi yenye sifa na kuyasifu yasiyo na sifa. Wengi wamelichukulia zoezi hilo kama ushahidi kwamba wanafunzi hawajui kusoma. Mimi nalisoma vingine. Wanafunzi hao walipoondolewa jina la mtunzi waliondolewa mwongozo, wakabaki na ladha tupu ambayo hakuna aliyekuwa amewafunza kuitolea ushahidi. Wetu wako katika hali hiyo hiyo, ila sisi hatujawahi kuwaondolea mwongozo tukaona.

Swali la alama 20 linapokutaka ujadili kauli fulani kuhusu mhusika, halikukatazi kuipinga, mradi kila hoja ije na tukio lake kutoka kitabuni. Jibu lisemalo kwamba Kongowea ni mvumilivu, likafuatwa na matukio, ni jibu. Jibu lisemalo kwamba uvumilivu wake umebebwa na sadfa, likafuatwa na matukio, ni jibu pia, na mara nyingi msahihishaji aliyekwisha kusoma mia mbili yanayofanana huamka anapofika hapo. Lakini lile lisemalo tu kwamba riwaya haipendezi, au kwamba inapendeza sana, halina kitu ndani yake. Hapo hujaonja. Umemeza.

Muhula uliofuata nilijaribu jambo dogo. Nilimwita yule msichana, nikamwambia kwamba siku ile nilimjibu vibaya, na nikamwomba achukue kitabu nyumbani wakati wa likizo, akunje pembe ya kila ukurasa ambao Kongowea ameangukia godoro. Alinitazama kama anayetafuta mtego. Akauliza, "Na nikiona pengine ameanguka chini kwenye simiti, mwalimu?" Nikamwambia akunje pembe ya chini. Shule zilipofunguliwa aliniletea nakala ile ya shule, na mtunza maktaba angemkaripia kama angeiona. Pembe tisa zilikuwa zimekunjwa juu. Chini zilikuwa nne, na pembeni mwa moja kati ya hizo nne alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo sana: hapa nilimhurumia.